Tumbo la Mzee Tetsuji

Mzee Tetsuji alipokaribia kutimiza miaka sitini, binti zake walimnunulia kizibao chekundu na kofia nyekundu, kama ilivyo desturi yetu Wajapani. Ukifika sitini umerudi kuwa mtoto mchanga, na mtoto mchanga huvikwa nyekundu. Mzee akavitazama, akashukuru, akavirudisha kwenye boksi. Kisha, mdomo ukiwa umejaa wali, akamwambia mkewe kwamba kama ni lazima avae kitu chekundu, basi afungwe kamba nyekundu.

Nilikuwepo mezani siku hiyo, nimealikwa kula. Nilimwona mkewe, Mwalimu Orie, akiweka vijiti vyake chini taratibu.

"Maliza kula kwanza," akamwambia, akainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa.

Hapa Osaka, mtu yeyote anayejua habari za kamba anamjua Orie. Kazi yake ni kumfunga mtu aliyetaka mwenyewe kufungwa, kwa kamba za juti, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka mwili upendeze kama zawadi usiyotaka kuifungua. Amewafunga wacheza dansi, wauguzi, hata mhasibu mmoja wa bima. Mumewe tu ndiye hakuwahi kumfunga. Kila alipomwomba, Mzee alikuwa na maharage ya kuloweka, na kwa mtengeneza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, maharage ya kuloweka hayaishi. Kwenye maonyesho ya mkewe alibeba mikoba na kuwagawia wageni chai, basi.

Mimi ni Chinami, mpiga picha wa Orie. Napiga picha za harusi na za watoto wa chekechea ili nile, na za kamba ili nifurahi. Picha nikishazipiga huzisafisha kwenye kompyuta, na katika kusafisha sina mpinzani. Nawaambia mapema ili mjue nilianguka kutoka wapi.

Orie alianza na kamba. Alizitia rangi nyekundu ya maua, ile inayotiwa kwenye keki za mchele, na kwa kuwa hakuwa na chombo kikubwa cha kutosha, akatumia sufuria ya tofu ya mumewe bila kumuuliza. Kesho yake tofu yote ilitoka na rangi ya waridi. Wateja wakadhani ni ya sherehe, ikaisha kabla ya saa sita. Mzee alinuna kidogo, halafu akamuuliza mkewe kama kamba nyingine hazihitaji rangi. Kamba zilipokauka, Orie alizibabua juu ya moto wa jiko ili nyuzi zilizochomoza ziungue, akazipaka mafuta, akazivuta mkononi mwake jioni nzima huku akiimba. Sijawahi kumsikia akiimba kabla ya hapo.

Tulipiga picha ghorofani, juu ya duka. Mzee alivaa kimono cha kijivu, akakaa chini, akaanza utani. Alisema kamba ya kufungia magunia ya maharage ni imara zaidi. Alisema mkewe asimkaze sana, maana alikula supu. Orie alipitisha kamba mgongoni, akaileta mbele juu ya kifua na chini yake, akazunguka nyuma tena, mikono yake ikienda polepole kuliko nilivyozoea. Utani wa Mzee ukapungua, ukaisha. Kila alipomaliza mzunguko, Orie alipitisha vidole viwili chini ya kamba kuhakikisha damu inapita, kama anavyofanya kwa kila mtu, ila safari hii vidole vilichelewa kutoka. Mimi nikaendelea kupiga, nikijisemea kwamba mkono huo nitaufuta baadaye.

Orie alipotoka kufuata taulo, Mzee akaninong'oneza.

"Binti, hili tumbo. Lipunguze."

Nikamwambia tumbo lake halina neno.

"Wewe sikiliza. Picha itakaa mlangoni pa maonyesho, na mimi nitasimama hapohapo na sinia la chai siku nzima. Watu wakinicheka, nitaishusha kwa mikono yangu. Na sitafungwa tena."

Aliyasema akitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. Nikajua kwamba furaha yote ya yule mama aliyekuwa akiimba jikoni ilikuwa imewekwa mikononi mwangu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hiyo kazi ni yangu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nilikaa kwenye kompyuta nikalipunguza tumbo la Mzee Tetsuji mpaka akawa na kiuno cha mcheza dansi. Nikafuta mng'aro wa upara. Nikafuta nyuzi za kamba zote zilizobaki, nikaufuta mkono wa Orie. Mwishoni nikakumbuka kwamba pale mlangoni uso wake ungetazama nje, kama mtu anayetafuta pa kutorokea, basi nikaigeuza picha nzima, kushoto ikawa kulia, ili atazame ndani kwa wageni. Nikaichapisha kubwa, nikaifunga kwa karatasi, nikaibeba kwenye treni kama nimebeba mtoto.

Ilikuwa siku moja kabla ya maonyesho. Tuliiegemeza ukutani dukani, katikati ya ndoo za maharage, nikavua karatasi kwa mbwembwe zote. Orie akaisogelea. Akaitazama kamba, maana yeye huanza na kamba hata kwenye picha za watu wengine.

"Hii kamba haijashika kitu," akasema.

Nikauliza ana maana gani. Akaonyesha kwa kidole: hapa kamba inajipinda, kwa hiyo lazima kuna kitu cha mviringo kinachoisukuma, lakini chini yake ni patupu. Hapa fundo limevutwa, lakini halivutwi na chochote. Kila alipoonyesha, niliona palepale nilipokata tumbo. Aliisoma kamba mpaka akafika kwenye kosa langu bila mtu kumwelekeza.

Wakati huo Mzee Tetsuji alikuwa ameinama, anatazama kola ya kimono chake. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia.

"Chinami," akasema, "umenizika."

Nikatazama. Kimono tunakivaa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Anayevishwa kinyume chake ni maiti peke yake. Niliigeuza picha, na kimono kikageuka nayo, na mimi, mwanamke wa Osaka niliyepiga picha za mabibi harusi wasio na idadi, sikuona. Nilikuwa nimeshughulika na tumbo. Siku yake ya kuzaliwa upya nilikuwa nimemvika sanda.

Mzee alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Orie hakucheka. Alisema picha hiyo haitatundikwa, kisha akaniuliza nani aliniambia nimkate mume wake. Mzee akaacha kucheka.

"Mimi," akasema.

"Kwa nini?"

Akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na maji.

"Unawafunga watu wazuri, Orie. Siku zote nimeona hivyo nikiwa na sinia langu. Nikasema nikiingia mimi na hili tumbo, nitakuharibia kazi. Ndiyo maana maharage hayakuisha."

Orie alimpiga bega kwa kitambaa cha kufutia meza, na hakumpiga kwa utani.

"Mjinga wewe. Miaka yote hiyo kumbe ni tumbo? Mimi nilidhani hutaki mikono yangu."

Wakabaki wanatazamana. Mimi nikajitia hamnazo, nikafungua kompyuta yangu juu ya meza ya kukatia tofu, nikafungua picha za mwanzo, zile chafu ambazo sikuwa nimezigusa. Nilifanya hivyo kwa aibu tu, lakini nilifanya vema. Wakaja wakasimama nyuma yangu, mmoja huku, mmoja huku.

Tukazipitia. Moja Mzee amefumba macho. Nyingine amekunja uso kama anayekula ndimu. Halafu ikaja ile. Kamba nyekundu imelizunguka tumbo, na tumbo limejaa ndani yake vizuri kama mkate ulioumuka. Mzee ametazama chini, ametulia kabisa, na kwenye ubavu wake umeingia mkono wa Orie, vidole viwili chini ya kamba.

"Hii," akasema Mzee.

Nilimuuliza kuhusu tumbo. Akasema liache lilipo, limefungwa. Nilichofanya kwenye picha hiyo ni kupunguza giza la pembeni na kuondoa soketi ya umeme ukutani. Ikachapishwa asubuhi, ikatundikwa wino wake ukiwa bado unanuka, na uso wa Mzee ulitazama nje. Na utazame.

Wageni walikuja wengi. Mzee alisimama chini ya picha yake na sinia mkononi, kimono kilekile, amenyooka kama askari. Wakaingia wanawake watatu wa mtaani, wateja wake wa tofu, wakaitazama picha, wakacheka. Nikaona sinia likitikisika. Orie naye, upande wa pili wa chumba, aliona, akakatiza maneno ya mgeni wake. Lakini mmoja wa wale wanawake alikuwa akijifuta machozi, akimwambia mwenzake kwamba angejua mume wake angepata utulivu namna ile, angekwisha kumfunga zamani. Sinia likatulia.

Mwanamke huyo akaisogelea picha zaidi, akanigeukia mimi mwenye kamera shingoni.

"Ila huu mkono umeingia kwa bahati mbaya, sivyo? Si ungeufuta tu?"

Nilifungua mdomo nijibu. Mzee Tetsuji akaniwahi.

"Hapana, dada," akasema. "Huo ndio unaonifunga."

Kisha akamuuliza kama atakunywa chai.