Meno ya Mvinje

Sioni haya kusema: nilikuwa na kijiba cha roho. Mdogo wangu, niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika lenzi, alikuwa anakaribia kuwa mkuu wangu kazini! Mimi nimeshona mimea mikavu kwenye makaratasi ya kumbukumbu, katika hifadhi ya mimea, miaka kumi na tisa, chumba kile kile, harufu ile ile ya gundi. Yeye ana minne. Nafasi ya mkuu wa kitengo ilikuwa moja tu, na bosi angeamua siku ile.

Kilichompaisha ni karatasi moja ya mvinje, ule mti mrefu wa pwani. Watu hudhani vile vijitawi vyembamba vya mvinje ndiyo majani. Thubutu! Majani yenyewe ni vimeno vinavyozunguka kila kiungo, vidogo hata bila lenzi huvioni. Ukivihesabu, umeijua aina. Karatasi ile iliandikwa mvinje wa kawaida, wenye meno saba. Mdogo wangu akasema la, hii ni aina nyingine kabisa, ina meno kumi na manne. Bosi akamsifu weee, mpaka roho ikaniuma.

Nikaivuta karatasi. Nikahesabu kijitawi cha chini. Saba. Nikarudia. Saba!

"Bosi, njoo uone mambo," nikasema, furaha imenijaa mpaka masikioni. "Mtaalamu wetu hajui kuhesabu."

Bosi akahesabu cha chini: saba. Akahesabu cha juu: kumi na manne. Akavua miwani.

"Hii ni miti miwili tofauti kwenye karatasi moja. Nani kashona upuuzi huu?"

Nikautazama uzi. Fundo lilikuwa la kuzungusha mara tatu, lile alilonifundisha mama. Mdogo wangu hajawahi kuliweza. Tangu utotoni mafundo yake yanafumka.

"Ni mimi," akasema mdogo wangu. "Niliishona nilipoanza kazi. Samahani, bosi."

Bosi akatikisa kichwa. "Basi dada mtu ndiye atakayeongoza. Angalau yeye ana macho."

Ningeweza kusema. Muda nilikuwa nao, tena wa kutosha. Nikasema, "Asante, bosi."

Alipotoka nikamgeukia mdogo wangu. "Kwa nini?"

"Niliona fundo lako, dada. Ningekuachaje uaibike mbele yake?" Akajaribu kucheka, macho yamemlowa. "Halafu wewe ukikosa cheo ungeninunia mpaka uzeeni. Nani angekuweza?"

Kazi yangu ya kwanza kama mkuu ilikuwa kuitenganisha ile mivinje. Nikakaa kuyakata mafundo yangu mwenyewe, moja baada ya jingine, mkasi unanitetemeka. Yeye akanishikia lenzi, mkono wake umetulia tuli.

Mungu anisamehe, nikauonea wivu hata ule mkono.