Kapu la Pacha

Kinyozi na fundi makochi walitoka tumbo moja siku moja, na hata mvi zilipowaingia, watu bado waliwachanganya. Kisukari kiliwashika wote wawili, wakaandikishwa kliniki moja, na kila mmoja alishawahi kulazwa mpaka akauza kitu ili aruhusiwe kutoka: fundi aliuza cherehani yake kubwa, kinyozi akauza pikipiki. Kliniki ilipotangaza kwamba baadhi ya wagonjwa watapewa chakula bure kila wiki, ili ionekane kama kula vizuri kutawapunguzia gharama za kulazwa, wote wawili waliingia kwenye kura. Karatasi ya fundi ikatoka. Ya kinyozi ikabaki ndani ya ndoo.

“Hongera, pacha,” alisema kinyozi, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Tangu hapo, kila wiki fundi alipita mbele ya kibanda cha kunyolea akiwa na kapu begani: samaki, maharage, karanga, mboga zilizochumwa asubuhi. Kinyozi naye alikuwa amepewa karatasi yenye picha za mboga. Aliibandika ukutani karibu na kioo, akawa anaitazama huku anakunywa chai na mkate mweupe, kwa kuwa mfuko wake ulifikia hapo tu.

Miezi ikapita. Fundi akapungua kitambi, akaanza kutembea kama kijana anayekwenda kuposa. Wateja waliuliza, “Ndugu yako anakula nini siku hizi?” Kinyozi akajibu kwa mkato, “Ana nyota yake.” Lakini siku mke wake mwenyewe aliposema, “Shemeji anang’aa jamani,” roho ilimchoma hadi akashindwa kumaliza chakula.

Basi fundi akapata kazi ya kushona viti vya hoteli katika mji wa mbali. Kabla ya kuondoka alisema kapu la wiki ile litabaki tu kliniki, maana mkewe naye alikuwa kwao akimuuguza mama yake. Siku ya kapu ilipofika, kinyozi alifunga kibanda mapema, akavaa shati la kijani linalofanana na la ndugu yake, akaenda kliniki.

“Karibu fundi!” alisema mtaalamu wa lishe, mama mchangamfu aliyewajua wagonjwa wake wote. “Lile kochi langu limetulia kweli. Lete kidole.”

Kinyozi hakujua kwamba kapu hutanguliwa na kipimo. Akatoa kidole. Yule mama akatazama kipimo, akakifuta, akapima tena.

“Fundi, umekula nini? Sukari yako ilishashuka vizuri, leo imegonga dari!”

“Labda mashine,” alisema kinyozi.

“Mashine haina kosa. Ngoja nimuulize daktari.”

Aliporudi alimpa kapu, akamwambia daktari ameagiza badala ya kidonge kimoja asubuhi ameze viwili. Kinyozi akaitikia upesi na kuondoka. Nyumbani alimwambia mkewe, “Hatimaye wamenikumbuka.” Samaki yule alimkolea kuliko samaki wote aliowahi kula, kwa sababu alikuwa wa mwenzake.

Fundi na mkewe waliporudi, mtaalamu wa lishe alipiga simu kuhakikisha dawa imeongezwa. Aliyepokea ni mke wa fundi, na kuanzia hapo nyumba haikukalika.

Fundi aliingia kibandani siku chache baadaye, mchana, akaanguka kwenye benchi. Kwenye kiti alikuwapo mteja aliyenyolewa upande mmoja.

“Pacha, nimekwisha. Kliniki wanasema kipimo changu cha mwisho kiligonga dari, nadhani ni kile cha kabla ya safari, eti nimewadanganya. Shemeji yako anasema, ‘Nakupimia chakula kama mtoto mchanga, kumbe kuna jiko jingine! Nani anakupikia?’ Amehamia chumba cha watoto. Vidonge nimeongezewa, na chakula amenipunguzia.”

Kinyozi alisikia kitu kama raha kikimpita kifuani, kisha haya ikamjaa. Alipogeuka, aliona jasho linamtiririka fundi, mikono inatetemeka, na maneno yanamponyoka mdomoni. Mwenye kisukari hahitaji kuelezwa kwamba hapo sukari imeshuka mno.

“Soda! Yenye sukari!” alipiga kelele, na yule mteja akachomoka mbio hivyo hivyo na nusu ya nywele zake.

Kinyozi alimwegemeza ndugu yake kifuani, akamnywesha kidogo kidogo, akimwomba asilale. Rangi iliporudi usoni mwa fundi, kinyozi hakuweza tena kunyamaza.

“Ile damu ilikuwa yangu.”

“Damu gani?”

“Ya kidoleni. Nilikwenda kuchukua kapu lako. Nilikuonea wivu, pacha. Nimekuonea wivu hadi nimetaka kukuua bila kujua.”

Fundi aliisukuma chupa ya soda pembeni. “Yaani mke wangu kahamia chumba cha watoto kwa ajili ya kidole chako?”

Hakucheka. Alinyanyuka akishika ukuta, akasema, “Kesho kliniki. Utayasema mwenyewe.”

Kesho yake kinyozi aliyasema yote, mbele ya mke wa fundi pia. Mtaalamu wa lishe alimkaripia mpaka sauti ikamkauka. Vidonge vya fundi vikarudishwa kama zamani. Kapu kinyozi hakupewa, kura ni kura, lakini daktari alisema sukari ile ilikuwa ya kweli, ya mtu aliyekuwa njiani kulazwa tena, na dawa zake zikabadilishwa siku hiyo hiyo. Mke wa fundi alimwambia kinyozi, bila kumtazama usoni, kwamba maharage ya kapu huwa yanabaki, amtume mkewe aje.

Pacha walipokuwa kwenye benchi wakisubiri kupimwa, pamoja na wagonjwa waliokwisha kuisikia habari ile, muuguzi mgeni alisimama mlangoni akiwaangalia kwa zamu.

“Samahani wazee, nani ni nani?”

“Mimi ndiye niliyeitwa,” alisema fundi. “Huyu ndiye aliyejiita.”

Benchi zima likaangua kicheko. Kinyozi naye alicheka mpaka machozi, na papo hapo akamwonea ndugu yake wivu kidogo, kwamba maneno matamu kama yale hayakumjia yeye kwanza.