Viatu vya Kwendea Hospitali

Kila asubuhi Mama Mkubwa alishusha mguu kitandani akakanyaga msumari usiokuwepo. Hatua ya kwanza ndiyo iliyomtoa jasho. Kufika mlangoni kisigino kilishatulia kidogo. Maumivu yalikuwa na mwezi wa tano huo. Mumewe alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla hayajaanza. Msibani hakutoa chozi, watu wakasema ana moyo wa jiwe. Aliwasikia, akaendelea kuchambua mchele.

Hospitalini, dada wa mazoezi ya viungo alimbonyeza kisigino, akamkunja vidole.

"Unyayo unaunyoosha kabla hujashuka kitandani, mama?"

"Naunyoosha."

"Na chupa ya barafu unaiviringisha?"

"Mpaka chupa inanionea huruma."

Dada akacheka. Mama Mkubwa hakucheka. Dada akageuza viatu vya Mama Mkubwa: soli nene, mpya kabisa. "Viatu havina kosa. Basi imebaki sindano."

"Hivyo ni vya kuja kwako tu," alidakia binti kitinda mimba wa Mama Mkubwa, aliyemsindikiza. "Vinatoka kwenye boksi leo, vinarudi leo."

"Koma wewe! Nije hospitali na viatu vya jikoni, waseme sina watu?"

Binti alishajipanga. Akatoa kwenye kikapu makubazi makubwa ya kiume. "Haya ya baba ndiyo anayoshinda nayo."

Dada aliyapitishia kidole. Yalikuwa yamelika upande mmoja, na penye kisigino pana shimo.

"Mama, mguu wako unakaa kwenye shimo la mguu wa mwingine. Huu uvungu wa unyayo hauna pa kuegemea, msuli wake unavutika kutwa. Vaa hivi vipya, hata ndani. Haya yaweke kando."

"Nichome tu hiyo sindano."

"Sindano bila kuyavua ni kazi bure."

Nyumbani Mama Mkubwa aliyatia makubazi kwenye boksi la viatu vipya.

Wiki ya saba ya viatu vipya, alishusha mguu akasubiri. Kisigino kimya. Akakanyaga tena, kwa nguvu.

"Umepona, mama?" binti aliuliza mlangoni.

"Nimepona," alisema, kwa sauti ileile aliyowapokelea waliokuja kumpa pole.

Binti alipokwenda kuchemsha chai, Mama Mkubwa alivuta boksi, akatoa kubazi moja, akaingiza kiganja kwenye lile shimo la kisigino. Kilienea chote. Akakiacha humo mpaka alipoitwa chai.