Kidole Kilipokufa Ganzi

Maji baridi yakinigusa kidole cha pete, machozi hunitoka yenyewe. Mama mkwe alisema ni uvivu wa kuosha vyombo. Mume wangu hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka nimeshona kidole kikiwa juu kama bibi harusi anayeringia pete.

Madaktari walinipa dawa za baridi yabisi. Mmoja tu, daktari wa mikono, alichukua pini akanibonyeza ukucha kwa kichwa chake: huku, huku, halafu hapo. Nikapiga yowe, trei yake ikaruka.

"Pole, dada. Una kivimbe chini ya ukucha, kidogo kama punje ya mtama. Si saratani. Nikikitoa, umepona."

Siku ya upasuaji foleni ilikuwa ndefu naye ana haraka. Akanichoma sindano ya ganzi, akakaza mpira kwenye kidole kuzuia damu, akashika kisu. Kisha akasita.

"Dada, nilikutia alama pale panapouma?"

"Hukutia."

Kivimbe hakionekani kwa macho. Maumivu yangu ndiyo yangemwonyesha pa kupasua, naye ameyazima. Akabonyeza kila upande. Sikuhisi chochote.

"Nadhani ni kushoto. Ila nikikosea, nitakuharibia ukucha bure na maumivu yatabaki."

"Unadhani? Mimi kitambaa cha watu sikikati kwa kudhani, sembuse kidole changu! Fungua huo mpira. Nitasubiri kiamke."

Nikaketi kwenye benchi la korido. Mume wangu, aliyenisindikiza, akakishika kidole kwa woga, akakiminya. Sikushtuka.

"Mbona umepona!" akacheka. "Twende nyumbani, mke wangu. Mama atafurahi."

Nilitamani kwenda, wallahi. Mkono ule ulikuwa haujashikwa siku nyingi, nami nilimwachia aushike. Nilijiogopa mwenyewe kuliko kisu.

Ganzi ikaanza kuachia. Likaja joto, kisha moto wenyewe, vidole vyake vikiwa bado pale pale. Yowe langu liligeuza vichwa vya korido nzima. Akaniachia, uso umemsawijika.

"Huwa hivi?"

"Kila siku."

Hakuweza kunitazama. Akaenda kuugonga mlango wa daktari kwa ngumi.

"Daktari, njoo," akasema. "Mke wangu anaumwa."