Uso wa Abdias kwa Wino Mweusi

Katungu alikuwa fundi wa cherehani pale Butembo, mashariki ya Kongo, nyuma ya soko kuu, lakini mkono wake ulipenda kalamu kuliko sindano. Mafundi wengine walichora mitindo ya nguo kwa bic, kalamu ya kawaida ya dukani, au kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa. Yeye alichora kwa kalamu ya wino, ile ya kujaza, yenye ncha ya chuma. Aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza kwenye duka la Mgiriki mmoja, na mama yake akamsema wiki nzima, kwamba mwanamke mwenye akili angenunua sufuria.

Mama hakujua alichokuwa anakosa. Bic huwa unaisukuma; kalamu ile ilijiendea yenyewe. Ukiibonyeza kidogo mstari unanenepa, ukiilegeza unakuwa mwembamba kama unywele, na karatasi inatoa sauti ndogo kama kuku anayeparua majani makavu. Katungu aliitumia kwa kila kitu: kuandika majina ya wateja, kumwandikia wifi yake salamu, kukumbuka chumvi na sabuni. Na wateja walipokaa kwenye benchi kusubiri, aliwachora. Alimaliza mistari, akalowesha kidole kwa mate, akakipitisha juu ya wino kabla haujakauka, na kivuli kikatokea chini ya kidevu. Watu walicheka kujiona.

"Siku moja utanichora hata niko nakoroma," mume wake Maliro alikuwa akimwambia.

"Nilishakuchoraka," alijibu. "Mudomo wazi."

Maliro alikuwa mfanyabiashara wa utomvu wa papai. Kule Mangina, magharibi ya Beni, wakulima walichanja mapapai mabichi, wakakinga maziwa yake, wakayakausha kwenye tanuru, na Maliro akanunua ule unga na kuusafirisha. Alilipa vizuri na hakuchezea mizani, kwa hiyo wakulima walimkimbilia. Mnunuzi mwingine, Abdias, mtu wa Butembo pia, walimwacha na magunia yake matupu. Waliposalimiana kanisani, Abdias alimshika Maliro mkono kwa mikono miwili. Katungu alikwisha kumchora siku moja kwenye harusi: jicho la kushoto lenye kope iliyolegea, sikio la kulia lililokatika kipande tangu utotoni.

Mwaka wa 2001, wakati waasi wenye bunduki walipogawana barabara zote kama nyama ya mbuzi, Katungu alimsindikiza mume wake mpaka Mangina. Maliro alipokuwa anapakia, yeye alikaa pembeni, ndani ya shamba la mipapai, akichora wanawake wanaochanja matunda. Kutoka pale aliiona barrière, yaani mti uliolazwa barabarani na askari wa waasi, waliokuwa wakipigana na wanamgambo wa Maï-Maï, wakikaa kando yake. Aliona gari la Maliro, likija kumchukua, linasimamishwa. Aliona Maliro anashushwa, anachutamishwa karibu na magunia yake.

Halafu mtu mmoja akatoka kwenye kibanda cha askari. Hakuwa askari. Alivaa koti la mvua la rangi ya kahawia, na Katungu akamjua kabla hajageuza uso. Abdias alinyoosha mkono, kidole kikamwelekea Maliro.

"Ndiye huyu," alisema kwa sauti kubwa. "Ndiye anawapelekeaka Maï-Maï chakula. Magunia yake ndiyo yanawalisha."

Katungu alisimama. Maliro, kutoka pale chini, alimwona katikati ya mipapai. Hakumwita. Alifumba macho tu na kutikisa kichwa, kidogo sana, jinsi mtu anavyomkataza mtoto asisogelee moto. Katungu akarudi chini. Walimpeleka Maliro nyuma ya nyumba moja iliyokuwa karibu na kibanda, Abdias akiwafuata. Mlio wa risasi ulipotoka, kalamu ilikuwa bado wazi mkononi mwa Katungu, na wino ukakaukia kwenye ncha.

Mwili hakuupata. Alikwenda kwenye ofisi moja Beni, wakamwambia alete mashahidi. Alikwenda kwenye nyingine, wakamuuliza kama na yeye alikuwa akiwalisha Maï-Maï. Akarudi Butembo. Alishona tu. Kalamu aliitupa ndani ya kopo la vifungo, na wateja walikaa kwenye benchi bila kuchorwa.

Abdias alikaa Beni akatajirika. Vita vilipoanza kupoa, alirudi Butembo na duka, na Jumapili moja pasta akamsimamisha mbele ya kanisa kama shemasi mpya. Abdias alishika Biblia kifuani. Alisema kwamba miaka yote ile ya shida Mungu aliilinda mikono yake, haikugusa uovu. Watu wakaitika amina.

Katungu hakuitika. Alitoka kabla ya wimbo wa mwisho, akaenda nyumbani, akapasha maji. Aliitumbukiza kalamu ndani ya maji yale ya vuguvugu, akaisukuma, akaivuta, na wino wa zamani ukaanza kutoka kama moshi mweusi. Alibadilisha maji mpaka yakatoka meupe. Akanunua chupa mpya ya wino, mweusi, ule usiofutika kwa maji. Alipoijaza kalamu na kugusa karatasi, ncha ilikwaruza mara moja, kisha ikakubali.

Alichora barrière. Alichora mti uliolazwa, kibanda, magunia, mtu aliyechutama. Na katikati alichora koti la mvua, mkono ulionyooshwa, kope iliyolegea, sikio lililokatika. Chini yake aliandika kwa mwandiko mzuri wa shule: *Njia ya Mangina. Anayenyoosha kidole ni nani?* Jina hakuliandika.

Aliutazama uso ule. Tangu siku ile ya Mangina hakuwahi kusikia utamu mkononi, na sasa aliusikia, na hakuuonea haya. Akavuta karatasi nyingine.

Hulda, rafiki yake, alikaanga mikate ya mafuta mlangoni mwa soko na kuifunga kwa karatasi za daftari kuukuu. Katungu alimpelekea mafungu ya michoro. Hulda aliinua mmoja, akautazama kwa muda.

"Katungu, unajua unachofanya?"

"Ninajua."

"Na kama hajafanya?"

"Niliona kwa macho yangu, Hulda. Nilikuwa ndani ya mipapai."

Hulda alizipanga karatasi kando ya kikaango. Asubuhi ile walionunua mikate walikunjua karatasi na kumkuta shemasi. Wengine walidhani ni mzaha. Lakini kila siku mchoro ulirudi, umechorwa upya kwa mkono, na kila siku Katungu aliukamata vizuri zaidi: mkunjo wa koti kwenye kiwiko, matope kwenye viatu, mdomo uliofunguka kutoa lile neno. Madereva waliubandika kwenye vioo vya magari. Mtu asiyejulikana aliuacha juu ya kiti cha shemasi kanisani. Wakulima wa Mangina waliokuja sokoni waliuona, na mmoja wao akasema kwa sauti, katikati ya watu: "Huyu tunamujua. Huyu alikuwaka pale."

Kisha Emérence, mke wa Abdias, akaja kwenye cherehani. Hakukaa kwenye benchi. Alikuwa na mchoro umelowa mafuta.

"Mama Katungu, mimi siji kwa ugomvi. Hii koti, uliiona kweli?"

"Niliiona."

"Ilikuwa na damu?"

Katungu alisita. "Nilikuwa mbali. Walipoenda nyuma ya nyumba sikuona tena."

Emérence aliitazama karatasi. "Mimi ndiye niliifua," alisema polepole. "Mikono ilikuwa na damu mpaka huku. Aliniambia walichinja mbuzi."

Alikunja mchoro, akautia kifuani, akaondoka. Wiki ile ile alichukua watoto akarudi kwa wazazi wake Lubero. Katungu alipozipata habari hizo aliwafikiria wale watoto. Halafu akajaza kalamu.

Abdias mwenyewe alikuja mchana wa soko, barabara imejaa. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni, na wateja wawili waliokuwa ndani wakainuka wakatoka bila kuaga.

"Acha hii kazi," alisema. "Bibi yangu ameenda. Kanisani wamenivua ushemasi. Dukani hakuna anayeingia. Unataka nini tena? Nife?"

"Karibu kwenye benchi, Papa Abdias."

"Si mimi nilipiga! Ni askari. Mimi nilisema tu."

"Ulisema tu," Katungu alirudia. Alikuwa na karatasi magotini, na kalamu ilikuwa ikitembea. Abdias aliona kwamba anachorwa, akaficha uso kwa kiganja.

"Mume wangu yuko wapi?"

Abdias aliangalia barabara.

"Mulimuweka wapi? Kule nyuma ulifuata. Mwili hautembei."

Abdias alikaa chini, si kwenye benchi bali kwenye kizingiti. "Nikikuambia, utaacha?"

Katungu alimwangalia. Aliendelea kuchora ule mkono uliofunika uso, vidole vyake, kucha zake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

"Tanuru la kukaushia la zamani," Abdias alinong'ona. "Lile lililoanguka, upande wa mto. Chini ya mchikichi. Tulimufunika na mawe."

Katungu alikwenda Mangina pamoja na Zacharie, kaka mkubwa wa Maliro. Wakulima waliwaazima majembe, kisha wakaja kuchimba wenyewe. Walimkuta pale pale, chini ya mawe, wakamjua kwa mkanda wake. Zacharie alilia kwa sauti, mzee mzima. Katungu hakulia. Alipiga magoti, akatandika kitenge chake kipya, akapanga mifupa juu yake mmoja mmoja kwa mkono uliotulia, kama anavyopanga vipande vya nguo kabla ya kushona.

Walimzika Vuhovi, kijijini kwa baba zake. Watu walikuja kutoka Beni na Butembo. Wakati wimbo unaimbwa Abdias alitokea pia, akibeba gunia la mchele begani, kama afanyavyo jirani kwenye msiba. Aliliweka karibu na vyungu na kusimama katikati ya wanaume, kichwa chini. Pengine alidhani deni limelipwa.

Katungu alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wajane. Alifungua mkoba, akatoa kalamu na karatasi, na mbele ya kaburi lililo wazi akaanza kumchora pale alipo. Kwanza walioliona hilo ni wanawake waliokaa karibu naye. Halafu wimbo ukapungua. Waliomzunguka Abdias walisogea hatua moja, kisha nyingine, bila kusukumana na bila tusi, mpaka akabaki peke yake kwenye nyasi zilizokanyagwa. Aliangalia huku na huku. Akashuka njia ya bonde bila gunia lake, na mchele ule hakuna aliyeupika.

Jioni Zacharie alimwendea Katungu. "Shemeji, wasingya, asante sana. Ndugu yangu amelala kwao. Sasa imetosha, ama?"

"Hapana, Yaya," alijibu, kama anayemwita kaka yake mkubwa.

"Mutu anaweza kuungua na moto wake mwenyewe."

"Najua. Lakini Maliro aliniangalia, nikakaa kimya ndani ya mipapai. Sitakaa kimya tena."

Zacharie alirudi kwa wageni.

Abdias alifunga duka na kutoweka kutoka Butembo. Kwa muda hakuna aliyejua alipo. Kisha dereva mmoja, Kasonia, aliyebeba bidhaa kwenda machimbo ya dhahabu ya Manguredjipa, alisimama kwa Hulda kununua mikate, akatazama karatasi, akaanza kucheka. Hulda alimpeleka moja kwa moja kwenye cherehani.

"Huyu eko kule," Kasonia alisema. "Anauza pombe kwa wachimbaji. Anajiita jina lingine. Nikupelekee karatasi ngapi?"

Katungu alifungua kabati na kumpa bunda zima. Halafu akalichukua tena kutoka kwake, akafikiri.

"Anafanana vilevile?"

"Hapana. Alifuga ndevu."

Katungu alivuta kiti, akafungua chupa ya wino, akaijaza kalamu mpaka juu. Alilaza mchoro wa kwanza kwenye meza.

"Kaa," alimwambia dereva. "Ndevu zake ziko namna gani? Zimefika wapi?"