Tano kwa Mtaro

Binti wa manispaa alipokuja na dodoso lake, mtaa mzima tulikuwa tumeshafagia. Mwenyekiti wetu, tunayemwita Mzee Mikutano kwa sababu hawezi kuona watu watatu bila kuwahutubia, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. "Huyo ni mgeni," alituambia. "Msinitie aibu. Mkiulizwa, tuko sawa."

Nikaacha cherehani, nikampa binti kiti kisichoyumba. Yeye anauliza, mimi natoa alama: moja ni mbaya kabisa, tano ni nzuri sana. Maji, nikasema tano. Maji yenyewe hutoka Jumanne, tena yakipenda. Taka, tano.

"Mitaro?"

"Moja," alijibu mama yangu, aliyekuwa amekaa mlangoni. "Huo hapo mbele hauna mfuniko tangu mwaka juzi. Nimefagia barabara za manispaa miaka ishirini na miwili, mjukuu wangu. Mtaro naujua. Huu utaua mtu."

Mzee Mikutano alikuwa anachungulia dirishani. Haya zikanishika, nikacheka. "Usimsikilize bibi, mdogo wangu. Umri umekwenda, anachanganya mambo. Weka tano." Binti akaweka, nami nikatia sahihi. Mama alijifunga khanga yake upya, akageukia nje.

Miezi minne baadaye mvua ilishinda ikinyesha, maji yakajaa mpaka mtaro na njia vikawa kitu kimoja. Mama alikuwa anakwenda na fimbo yake kliniki kupima presha. Majirani wawili walimtoa mtaroni akiwa amevunjika nyonga. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba kwa umri ule hatatembea tena.

Nilikwenda manispaa nimefura. Karani wa mitaro alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua faili. Hakunifokea, afadhali angenifokea.

"Mama, mifuniko ilikuwa michache. Tuliipeleka mitaa iliyolalamika. Kwenu kila nyumba iliweka tano. Sahihi hii si yako?"

Ilikuwa yangu, na madaha yake yote.

"Nilidanganya," nikasema. "Andika upya."

"Zoezi limefungwa. Litarudi baada ya miaka mitatu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima nilimlaani Mzee Mikutano, nikawalaani manispaa wanaongoja kuambiwa kuna shimo ilhali magari yao yanapita pale pale kila siku. Lakini kila laana ilinirudia mwenyewe. Nilijichukia.

Mama alikuwa macho, amelala chali, ananisubiri.

"Wamesemaje?"

"Wiki ijayo wanakuja kuweka mifuniko." Uongo ulinitoka kabla sijafikiri.

"Mwanangu, nimelala hapa, siwezi hata kwenda kujionea. Niambie kweli."

Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia yote: mifuniko ilikokwenda, sahihi yangu, miaka mitatu. Nililia mpaka sauti ikakauka. Nilitaka anitukane. Nilitaka angalau anipige kofi, nijue tumemalizana.

Aligeuza shingo polepole, akaangalia dirishani. Mvua ilikuwa imeanza tena.

"Saa hizi watoto wanatoka shule," akasema. "Chukua fimbo yangu ukaichomeke pale penye shimo, waone. Mimi sina kazi nayo tena."