Shemeji na Sheria za Mataifa

Shemeji yangu Jailos alikuwa na kasoro moja tu: alisoma mno, mpaka akasahau sisi wa nyumbani tunavyozungumza. Mimi ni mke wa kaka yake, kumtania ni haki yangu, asinilaumu mtu.

Mwaka ule wa hamsini na tano alikuja likizo kwetu, huku milimani juu ya Mbeya, akitoka huko anakosomea uanasheria. Barua ikamfuata: amechaguliwa kwenda Uholanzi miezi miwili, Julai na Agosti, kwa kozi ya majira ya joto. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Julai, joto! Julai sisi tunajifunika mablanketi matatu na bado meno yanagongana. Ila alitakiwa apeleke barua ya tabia njema kutoka kanisani kwake kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mwenzake Liberatus wa Iringa alikwisha kupata yake kwa padri wa Tosamaganga, tena kwa siku moja.

Wazee wetu wa kanisa wakakutana nyumbani kwangu, maana mume wangu alikuwa mmoja wao. Mimi nikawa namimina chai. Mwenyekiti, Mzee Filemoni, akamwuliza kijana anakwenda kusoma nini. Jailos akaweka tai sawa, akajibu kwa madaha:

"Sheria za mataifa, baba."

Vikombe vikatulia. Kanisani kwetu watu wa mataifa ni wale wasiobatizwa, wenye matambiko na wake watano. Mzee Filemoni akasema hawezi kumtilia sahihi Mkristo aende kujifunza sheria za wapagani, tena ng'ambo, wakati wapagani wapo tele hapa bondeni na wangemfundisha bure.

Badala ya kunyamaza, msomi wetu akafafanua. Akasema kuna na Umoja wa Mataifa. Maskini wee! Mzee mmoja akauliza kwa hofu kama wapagani wameshaungana. Nikakimbilia jikoni nisije nikamwaga chai kwa kicheko.

Niliporudi, Jailos alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtoka. Nikamwonea huruma kwelikweli. Miaka yote ile ya kusoma kwa kibatari ipotee kwa neno moja! Nikamnong'oneza aache maneno ya vitabuni, awaambie sheria hiyo inatuhusu nini sisi.

Akaanza upya, polepole. Akasema Mwingereza hakupewa nchi hii iwe mali yake. Alikabidhiwa tu aitunze, kama mtu anavyotunza watoto wa marehemu, na waliomkabidhi ndio hayo mataifa, nchi nyingi za dunia zilizokaa pamoja. Hati ya makabidhiano ipo, imeandikwa.

Mzee Filemoni alikuwa amelea watoto watatu wa marehemu mdogo wake, akawakabidhi shamba la baba yao walipokua. Hilo alilielewa kuliko sisi sote. Akauliza:

"Hiyo hati inasema tutarudishiwa lini?"

"Haisemi, baba."

Mzee akavuta karatasi, akatia sahihi taratibu, herufi moja moja, akaipuliza wino ukauke.

"Basi ukifika huko," akasema, "waulize hilo kwanza."

Jailos akaipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na utani tayari mdomoni, nikaumeza.